Hewa Upande Huu, Petroli Upande Ule

4 Machi

Baba,

Shikamoo. Salamu nyingine utazipata nikishatulia, maana sasa hivi roho iko juu juu.

Gari lako limewaka taa. Nasema lako kwa sababu likiwa zima ni langu, likiharibika ni la aliyelifungua mwisho. Juzi tu nimelitoa kwako. Injini umeifungua, gasketi za silinda hedi umebadilisha zote mbili, nimekushukuru mpaka ukaniambia basi. Njia nzima lilinguruma vizuri, nikawa naimba peke yangu kama mwehu. Kesho yake asubuhi nikawapakia wagonjwa wangu sita, wale ninaowapeleka hospitali kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Hatujafika hata kwenye mzunguko wa soko, taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi.

Na jana ndiyo ilikuwa siku yangu ya ukaguzi wa moshi. Wakaingiza ule mrija wao kwenye ekzosi, mkaguzi akatazama skrini, akanitazama mimi, akaandika LIMESHINDWA kwa herufi kubwa kama anachora bango. Nimepewa nafasi moja tu nyingine, tarehe 28. Nikishindwa tena, hospitali inampa kazi mtu mwingine. Katibu wao ameniambia hivyo kwa upole kabisa, na upole wake ndio ulionitisha.

Fundi wa mtaani kwangu ana mashine ya kusoma gari. Ameichomeka, ikatoa namba: P0171. Anasema maana yake upande wa kwanza wa injini unapata hewa nyingi na petroli kidogo.

Picha nilikutumia kwenye simu, hukujibu. Nikipiga, tunagombana kabla ya salamu kuisha. Bora niandike, kwenye karatasi angalau hutanikatiza. Natuma kwa basi la asubuhi, kondakta ataiacha duka la vipuri.

Nifanye nini?

Binti yako,
Spana


7 Machi

Binti yangu Spana,

Marahaba. Usishangae mwandiko. Huu ni wa Mwalimu, mpangaji wangu wa chumba cha uani, yule mstaafu. Mkono wangu wa kulia umeungua na maji ya rejeta, una bandeji, kalamu haishikiki. Mimi nasema, yeye anasoma na kuandika. Shida yake anaandika kila anachosikia.

(Ni kweli. Mwandishi.)

Sasa sikiliza. Taa kuwaka baada ya injini kufunguliwa si msiba. Mtu akitoka kupasuliwa si anakohoa siku mbili tatu? Iache injini nayo ikohoe. Kama hewa imezidi upande mmoja, kuna mpira umeachia. Washa gari, chukua maji, nyunyizia kidogo kidogo kwenye kila mpira unaoingia kwenye injini. Pale injini itakapobadilisha sauti ndipo hewa inapopenyea. Bana hapo, umemaliza, ukapike chai.

Na huyo fundi wako mwambie mashine inasoma, haifikiri. Mimi nafungua injini tangu yeye hajaota meno. Mwambie na kwamba... hapana, hilo usiandike, Mwalimu.

(Ameniambia nisiandike kwamba fundi huyo ni bata. Mwandishi.)

Picha usitume tena. Simu hizi za siku hizi zinaonyesha kila kitu kidogo kama punje ya ulezi. Niandikie kwa maneno.

Baba yako


10 Machi

Baba,

Shikamoo, na pole sana kwa mkono. Mbona siku ile nachukua gari ulikuwa mzima? Uliungua lini? Wewe na siri zako.

Nimenyunyizia mipira yote maji, nimelowa mimi kuliko gari. Injini haikubadilisha sauti hata chembe. Nimekaza vibanio vyote. Kisha fundi akafuta ile namba kwa mashine yake, taa ikazima, nikapiga kigelegele pale pale gereji. Dakika tano, Baba. Injini ikiwa bado baridi gari ni malaika. Ikishapata moto tu, shetani anapanda: linatetemeka, linanuka, moshi mweusi kama wa tanuri la mkaa. Taa ikarudi, na safari hii na namba mbili kwa pamoja, P0171 na P0175. Upande wa kwanza hewa imezidi. Upande wa pili petroli imezidi. Injini ni moja, sasa inakuwaje huku wanakufa njaa na kule wamevimbiwa?

Bibi anayekaa kiti cha mbele, yule mwenye mdomo, kaniuliza, "Mjukuu wangu, leo umepika nini humu?" Nikamwambia, "Petroli, bibi." Akasema, "Basi kesho punguza chumvi." Wote wakacheka. Mimi nilicheka meno tu, moyoni ninahesabu siku.

Fundi wa mashine anasema dawa ni kutoboa masega, kile kichujio cha moshi kilichomo ndani ya ekzosi. Atakitoa kabisa, atafunga bomba tupu, halafu taa ataizima kwa ujanja anaoujua yeye. Sitaki. Lakini nimebakiwa na siku kumi na nane, na wewe unanijibu kwa basi. Ukichelewa nitamkubalia.

Spana


13 Machi

Spana,

Mwalimu, hili andika kwa herufi kubwa. USITOBOE MASEGA. Mrija wa mkaguzi unapima moshi, haupimi taa. Ukiondoa masega utafeli kuliko ulivyofeli, na gari utakuwa umeliua. Mwambie huyo bata aende zake.

(Leo hakuniambia nisiandike. Mwandishi.)

Sasa kuhusu zile namba mbili.

(Amenitaka nimsomee sehemu hiyo mara tatu. Mwandishi.)

Ni petroli. Umejaza petroli mbovu, wamechanganya na maji. Maliza iliyomo kwenye tangi, jaza kwenye kituo kingine. Badilisha na chujio la hewa. Na wewe mwenyewe una mguu mzito, unakanyaga mafuta kama unaua nge, injini gani itavumilia?

Waya usiziguse. Waya nimezifunga kwa utaratibu wangu unaoujua. Kabla sijachomoa kichwa cha waya nafunga uzi, rangi moja pande zote mbili, ili wakati wa kurudisha bluu ikutane na bluu, kijani kwa kijani. Nyuzi ni zile za kopo la kushonea la marehemu mama yako. Miaka thelathini sijakosea. Kwa hiyo huna sababu ya kuingia uvunguni mwa gari. Huko utajiunguza bure.

Baba


17 Machi

Baba,

Leo sina shikamoo, utanisamehe.

Nilibadilisha petroli, nikabadilisha na chujio. Jana asubuhi gari limenizimikia njia panda, katikati kabisa, taa za kijani zimewaka kwa wengine. Nyuma yangu wagonjwa sita. Honi kila upande, lori likatukwepa kwa kiasi cha kiganja. Nikawasha, likagoma. Nikawasha tena, likalia likakubali, moshi ukajaa mpaka ndani. Yule bibi hakufanya utani. Alinishika mkono tu, na mkono wake ulikuwa wa baridi. Tumefika tumechelewa saa nzima, muuguzi akaniambia mashine ya damu haimsubiri mtu. Mgonjwa wangu mmoja ameunganishwa kwenye mashine nusu tu ya saa zake.

Nakuuliza na unijibu kama fundi, si kama baba. Ile injini uliifunga mwenyewe? Au ulimwachia mtu ukaenda kuzungumza na Mwalimu kibarazani? Kama ulimwachia mtu, sema. Sitakulaumu. Lakini usiniambie tena petroli. Kila unachoniagiza nakifanya, na kila nikikifanya gari linazidi kuumwa. Zimebaki siku kumi na moja.

Spana


19 Machi

Spana,

Injini niliifunga mwenyewe kwa mikono yangu hii miwili. Hakuna mtu aliyeigusa.

Kama kazi yangu imekuwa mbaya, mafundi wako wengi, tena wana mashine. Nimekusomesha kwa mikono hii, nikakununulia gari kwa mikono hii. Leo naulizwa kama ni mimi.

Pole kwa wagonjwa.

Baba

(Ameniambia niishie hapo. Chai aliyopewa saa mbili iko pale pale. Mwandishi.)


22 Machi

Mwalimu,

Shikamoo. Barua hii ni yako, naomba usimsomee Baba. Hilo la chai ulilolichomeka pembeni ndilo limenipa ujasiri wa kukuandikia.

Tangu utotoni, Baba akisema kitu fulani nisikiguse, hapo ndipo ninapojua pana jambo. Jana nililaza kipande cha boksi, nikaingia uvunguni mwa gari na tochi. Nimefuata waya za zile sensa mbili zinazonusa moshi, moja ya kila upande wa injini. Nyuzi nimezikuta, amezifunga vizuri, fundo lake lile lile dogo. Lakini uzi wa bluu umekutana na wa kijani, na kwa jirani yake wa kijani umekutana na wa bluu.

Sijui kama unaelewa magari, nitakueleza. Pua ya kulia inapeleka habari zake kama za kushoto, na ya kushoto kama za kulia. Upande mmoja ukilia njaa, petroli inamiminwa upande mwingine. Ndiyo maana likiwa baridi ni zima, kwa sababu pua zinaanza kunusa zikipata moto. Nimevichomoa vichwa vya waya, nikavirudisha kila kimoja kwa mwenzake. Dakika kumi. Namba hazijarudi mpaka naandika.

Sasa kinachoninyima raha si gari. Baba anatembea na utaratibu wa nyuzi miaka yote hii. Nilipokuwa mdogo kazi yangu ilikuwa kumpa uzi, na nikikosea rangi ananifinya sikio. Mtu huyo hawezi kuunganisha bluu na kijani mara mbili kwenye gari la mwanawe. Labda kama hazioni.

Halafu nikaanza kukumbuka. Picha asizojibu. Simu inayoonyesha vitu vidogo. Mkono ulioungua ambao sikuuona umeungua. Mwalimu, umekaa naye ukuta kwa ukuta. Niambie, Baba anaona?

Spana


24 Machi

Binti,

Marahaba.

Baba yako aliniapisha nisikwambie. Lakini kiapo kilikuwa juu ya kukwambia, na wewe umejiambia mwenyewe. Nimelipima usiku na mchana, nikaona hapo nimesalimika, au karibu na hapo.

Mkono wake haukuungua. Ni mzima kama wangu. Macho ndiyo yana ukungu, yote mawili, tangu mwaka jana. Daktari amesema ni mtoto wa jicho, anaondolewa, watu wanaondolewa kila siku na kurudi kusoma magazeti. Baba yako alisikiliza, akashukuru, akatoka, akaniambia njiani kwamba hakuna mtu atakayemwingizia chuma jichoni, na kwamba chuma anakijua yeye kuliko daktari. Nilimtania kwamba ni mwoga. Tangu hapo tulikaa siku nne hatusalimiani.

Anafanya kazi kwa kupapasa na kwa kusikiliza. Nitakuwa mwongo nikisema hafanyi vizuri. Bolti anaijua kwa kidole, injini anaijua kwa sikio. Lakini rangi haina umbo, kidole hakiwezi kuipapasa. Siku alipofunga gari lako nilikuwa kibarazani. Alitoka uvunguni ameshika uzi, akausogeza karibu na pua, akaugeuza juani, kisha akarudi ndani bila kuniuliza. Ningemwita. Sikumwita. Hilo ninalibeba.

Na wenye magari bado wanaleta. Hawajui, na anayejua ni mimi niliyeapishwa. Binti, mimi ni mwalimu wa historia, sijui kumzuia mtu mwenye spana mkononi. Tafuta namna.

Mwalimu


28 Machi

Baba,

Shikamoo! Shikamoo na ya siku zile nilizokunyima.

LIMEPITA! Mkaguzi ni yule yule. Katazama skrini, kaguna, kasema moshi wa gari hili ni safi kuliko wa jiko lake. Nimeipeleka karatasi kwa katibu wa hospitali moja kwa moja. Kazi ni yangu. Bibi wa kiti cha mbele amesema sasa gari halina ladha.

Na tatizo tumelipata. Ni panya, Baba! Panya wa huku kwetu, aliingia kwenye injini akatafuna waya wa sensa. Fundi kauunga, basi. Kwa hiyo kazi yako haikuwa na kasoro hata moja, na mimi nilikukosea adabu ile tarehe kumi na saba. Nisamehe.

Nina ombi moja dogo. Pumzika kwanza. Mkono uliounguzwa na maji ya rejeta unataka muda, usiuharakishe. Magari ya watu yaambie yasubiri mwezi mmoja hivi. Nikipata nafasi nitakuja tukae, na tunaweza hata kupita hospitali wakauangalie huo mkono, si ndiyo?

Binti yako anayekupenda,
Spana


31 Machi

Spana,

Marahaba mwanangu. Leo nimemwambia Mwalimu aandike kila kitu, hata nikikohoa.

Barua yako amenisomea mara moja, imetosha. Panya! Panya akikata waya wa sensa, mashine inasema sensa imekufa. Haisemi upande huu una njaa na ule umevimbiwa. Hayo nilikufundisha ukiwa darasa la sita. Umenidanganya vibaya, binti yangu, kama mtu asiyezoea, na nimefurahi kwamba hujazoea.

Mwalimu ameapa kwamba hakukwambia. Nimemwona anavyoapa, nikaacha.

(Sauti yangu aliisikia, hakuniona. Mwandishi.)

Sasa sikiliza, na usinikatize. Mimi nilijua. Nilijua tangu siku niliposomewa zile namba mbili. Hewa upande huu, petroli upande ule, likiwa baridi zima, likipata moto bovu. Fundi wa kweli hahitaji hata kuliona gari, vichwa vya waya vimepishana. Nilikaa pale kitini nikajua, na nikajua ni kwa nini vimepishana. Nikafungua mdomo nikakwambia petroli mbovu. Nikakwambia usiingie uvunguni. Ukanisikiliza, kama unavyonisikiliza siku zote, ukaenda kubadilisha petroli, gari likazima njia panda na watu sita ndani. Na baada ya hapo bado nikakununia.

Nimekuwa nikijiambia ni macho. Si macho. Macho hayakunituma niseme uongo. Niliona aibu mwanangu ajue, nikaona heri gari liharibike kuliko jina langu. Yule mgonjwa aliyepata nusu ya saa zake, mwambie... sijui umwambie nini.

(Hapa amelia. Ameniambia niandike. Mwandishi.)

Nimekaa na Mwalimu tukahesabu. Tangu ukungu uanze nimeshika magari tisa, ukiacha lako. Sita ni ya kubadilisha oili na plagi, hayo hata nikiwa kaburini nafunga vizuri. Teksi ya jirani wa kona nilifungua gia boksi. Pikapu ya muuza mbao nilitengeneza usukani. Majina na simu zao Mwalimu ameyaandika nyuma ya karatasi hii. Nimeanza kuwapigia. Wa teksi amenishukuru. Muuza mbao amenitukana, nikamwacha amalize, maana alikuwa na haki.

La tisa ni lori la maji, lililetwa Jumanne kwa ajili ya breki za nyuma. Nilimaliza jana, nikaridhika nalo kabisa, ndipo barua yako ikafika. Leo mwenyewe amekuja kulichukua, nimekataa kumpa. Nimemwambia sioni. Amecheka, akasema mzee acha utani, nina maji ya watu. Nikamwambia tena, sioni, na breki hizo simwamini aliyezifunga. Hakuamini, ameleta na ndugu zake wawili.

Kwa hiyo njoo, Spana, na usisubiri nafasi. Njoo na tochi yako, ukague hayo matatu moja moja, mimi nitakaa pembeni nikwambie pa kushika. Yakishatoka yote mazima ndipo utanipeleka kwa huyo daktari wa chuma. Naogopa, lakini nitakwenda.

Wenye lori wako mlangoni wanapiga kelele, na Mwalimu anaandika huku anawajibu kwa methali, jambo linalowaongezea hasira. Ufunguo wao ninaukalia mimi, na sinyanyuki kwenye kiti hiki mpaka nikusikie unaingia.

Baba yako